Mhakiki wa Kujitengenezea

Shoga, upo? Nimenaswa ofisini kwa mwalimu wangu.

Makala yetu ilikuwa tayari. Asubuhi nzima nimepanga marejeleo, nimefuta majina yetu kwenye kurasa ili mhakiki asitujue, nimenyoosha majedwali kama jarida linavyotaka. Ilibaki kutuma tu.

Kumbe wanataka tupendekeze mtaalamu wa kuihakiki, jina na barua pepe yake. Nikamtaja yule profesa mkali wa chuo kingine. Mwalimu akacheka.

"Huyo atatuchinja, binti yangu. Weka jina lake, ila anwani ya barua pepe umfungulie wewe."

Nikadhani utani.

"Mhariri akimwandikia, unajibu wewe: makala nzuri, ichapishwe. Nani anaijua kuliko wewe?"

Kuliko mimi! Yaani nijifanye profesa, halafu nijisifu mwenyewe!

Na unanijua nilivyo. Unajua nilijibu nini? "Sawa, mwalimu." Kwa mdomo wangu huu huu. Yeye ndiye wa kusaini tasnifu yangu, shoga, na ikigundulika, jina la kwanza kwenye makala ni langu.

Nimejaza kila kitu cha kufungulia hiyo barua pepe. Simu ya kuthibitishia akaniambia niweke yangu. Namba za kuthibitisha zimeingia sasa hivi, naziona hapa juu ya maneno ninayokuandikia.

"Zimeingia, binti yangu?"

Nimemwambia bado, mtandao unasumbua.

"Hakuna haraka," amesema. Amevuta kiti, amekaa kati yangu na mlango.