Waya Uliovuka Rusizi

Uvira, Rugenge, 12 Januari 2025

Claudette mwanangu,

Pokea salamu za baba yako, na za jirani wote wanaokuulizia. Huku mimi ni mzima. Goti la kushoto tu ndilo linanikumbusha umri, hasa asubuhi. Wewe na wajukuu wangu mnaendeleaje huko Buyenzi? Na Shangazi yako Spès bado anakohoa? Mwambie dada yangu aache kulala dirisha wazi.

Usishangae kupata karatasi. Simu yangu iliondoka Jumanne njiani, mikononi mwa vijana wawili wenye bunduki moja. Hawakunipiga. Waliniamkia kwa heshima zote, kisha wakaichukua. Sitaki nyingine kwa sasa, maana siku hizi simu inakuletea wageni usiowaalika. Antoine dereva anavuka barieri ya mpakani mara mbili kwa juma, na amekubali kuwa posta yetu.

Mashine imefika! Olive, yule mchuuzi wa mpakani uliyempa, aliniletea mwenyewe Ijumaa, ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Kompyuta nzuri, nyeusi, nyepesi kuliko Biblia yangu. Inawaka vizuri sana. Tangu mafuriko ya mto Mulongwe yabebe taipureta niliyotoka nayo mahakamani nilikokuwa karani, watu wangu wa kuandikiwa barua walikuwa wananipita na kunionea huruma tu. Sasa meza ina kazi tena. Umenifuta machozi, mama.

Ni mimi baba yako,
Papa Venant


Bujumbura, Buyenzi, 18 Januari 2025

Papa wangu,

Salamu zako zimefika, tukazigawana mpaka mtoto wa mwisho. Sisi sote wazima. Shangazi anakohoa na dirisha liko wazi. Anasema wewe ni mdogo wake na huwezi kumwamuru. Pole sana kwa simu. Namshukuru Mungu kwamba walichukua simu tu. Hilo goti ulipake mawese ya moto na usilipige maji ya baridi.

Niliposoma kwamba mashine inawaka niliruka mpaka wanafunzi wangu wakacheka. Sasa niambie: umefungua kile nilichokuwekea ndani? Kiko peke yake katikati ya kioo, huwezi kukikosa. Sikuambii ni nini. Nataka nisome kwanza kwa mwandiko wako jinsi ulivyojisikia moyoni.

Binti yako anayesubiri,
Claudette


Uvira, 24 Januari 2025

Claudette mama,

Hamjambo huko? Huku hatujambo, ingawa mvua haitupi nafasi. Goti limesikia mawese, asante.

Nimetazama kile ulichoniwekea. Kizuri sana kweli. Rangi zake zimetulia, nimezipenda. Mungu akubariki kwa kumkumbuka mzee wako.

Ndagala wameadimika sokoni kwa sababu wavuvi wanaogopa kutoka. Naishia hapa, Antoine anapiga honi.

Baba yako,
Papa Venant


Bujumbura, 1 Februari 2025

Papa,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta ukurasa wa pili. Papa, nilikuwekea Mama. Mama akizungumza. Ile kaseti ya video ya harusi iliyofanyika kwa Shangazi Spès mwaka 1991 ilikuwa bado sandukuni kwake, chini ya mashuka. Nilimpelekea fundi hapa aihamishie ndani ya mashine, na dakika tatu ndizo zilizopona. Mama yuko penye masufuria, amefunga kitenge cha njano, anawagombeza wapishi, anacheka. Kisha anageuka na kukuita: "Karani! Weye Karani, kuya ushike hii sahani, minye siko na mikono ine!" Nililia mpaka fundi akaniletea maji ya kunywa.

Tulimzika miaka sita iliyopita. Mwaka uliofuata mto ukachukua picha zake zote, hata ile ya kitambulisho. Sikufikiri tutaisikia tena sauti yake, wala hilo jina la Karani ambalo ni yeye tu alikuwa akikuitia. Na wewe uliyeishi naye miaka zaidi ya thelathini unaniandikia habari za rangi, halafu ndagala. Labda unalia ndani kwa ndani, sijui. Nimeumia, Papa, nakuambia wazi.

Claudette


Uvira, 5 Februari 2025

Claudette, mtoto wa Marie,

Leo utanisamehe salamu za afya, sina uso wa kuziuliza.

Nilikudanganya. Mashine haijawaka hata siku moja. Nimebonyeza kile kitufe mpaka kidole kimeota sugu. Olive aliileta bila waya. Kesho yake rafiki yake Délice akaleta katoni, nikakuta karatasi na sponji, waya hakuna. Nikajiambia: mtoto amejinyima ili anunulie baba yake, huko dukani wakamtapeli. Nikikuandikia ukweli nitakuvunja moyo. Nikaamua kutafuta waya kimyakimya, ili siku itakapowaka uwongo wangu ugeuke kweli. Uliponiuliza kuhusu kitu cha ndani, nikajibu kama karani anayejaza fomu ya mtu asiyemjua.

Pitchou, fundi wa redio pale mtaa wa Mulongwe, amejaribu nyaya zote za kibandani kwake. Mmoja uliingia ukilegea, hakuna kitu. Akatikisa kichwa: "Mzee, hii mashine ilishakufaka. Tuifungue, nitoshe disiki ya mu ndani, niweke ingine." Tumepatana Ijumaa tarehe 14.

Kumbe Marie alikuwa humo, nami majuma manne nimekuwa nikiweka kikombe cha chai juu yake. Tangu jana nimeondoa kikombe na kuifunika kwa kitambaa kile alichofuma yeye. Jioni nazungumza nayo kidogo. Usimwambie Shangazi yako.

Nisamehe, mama. Niambie tena alisema nini kuhusu sahani. Yaandike maneno yote.

Baba yako mwongo,
Papa


Bujumbura, 10 Februari 2025

Papa wangu mpenzi,

Salamu baadaye. PITCHOU ASIFUNGUE! Akitoa disiki ametoa na Mama. Kaseti ilikatika kwa fundi hapa, ilikuwa imekauka. Na mimi mjinga sikuhifadhi pengine. Nilitaka uwe wa kwanza kumwona, na Olive alikuwa anaondoka asubuhi ile ile. Hakuna Mama mwingine popote, Papa, ni huyo wa mezani kwako. Nimempa Antoine barua hii nikimshika mkono, nikamwapisha aifikishe kabla ya Ijumaa.

Sikutapeliwa. Waya niliuweka katonini kwa mikono yangu: vipande viwili, kimoja kina kiboksi cheusi. Mashine si mbovu, ina njaa tu. Fundi aliitumia mpaka umeme wa ndani ukaisha, ndiyo maana haiamki. Muulize Olive waya ulikwenda wapi.

Nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma, kwenye kile kikombe cha chai. Nililia na kucheka pamoja, watoto wakaniogopa.

Papa, tunasikia vita vinashuka tambarare ya Rusizi kuja Uvira. Watu wanavuka kila siku. Njoo kwetu. Chumba cha nyuma kimefagiliwa.

Binti yako,
Claudette


Uvira, 16 Februari 2025

Claudette mama,

Hujambo mwanangu, na wote nyumbani? Mimi mzima, ingawa mji haulali na sisi tuliomo hatulali nao.

Barua yako ilifika Pitchou ameshatoa skrubu nne za chini, amebakiza mbili. Nilipiga kelele hata jirani wakadhani wenye bunduki wameingia. Akazirudisha zote ila moja iliyopotea mavumbini. Pale nimeziba kwa nta ya mshumaa. Marie hajaguswa.

Olive nilimfuata kwake. Alishika kichwa: "Papa, minye siko mwizi! Ku barieri, kitu mupya kikiwa mu katoni yake wanasema unaenda kuuzisha. Ni vile tunakigawanyaka. Mashine ku mugongo wangu, katoni kwa Délice na mayai ndani, waya kwa Inamahoro ku kiuno, chini ya kitenge." Wamevusha hivyo miaka yote, vyungu mbali na vifuniko vyake, na kila kitu hukutana tena jioni kwa Olive. Ila jioni ile Inamahoro alipata habari mtoto wake ana homa, akapanda gari moja kwa moja hadi kwao Sange, waya ukiwa kiunoni. Olive alingoja arudi, akiona aibu kuniambia. Hakurudi, na sasa Sange imetawanyika: wengine wako hapa mjini, wengine wamevuka mto Rusizi kuja huko kwenu Burundi, wengine hawajulikani waliko.

Kuhusu kuja huko, mama, usinisukume. Nimekimbia mara tatu maishani, na kila niliporudi nilikuta kitu kimepungua. Mama yako amelala hapa. Tena Inamahoro akija na waya asinikute, itakuwaje? Namngoja. Nikiona amechelewa nitapanda mwenyewe hadi Sange kumuulizia.

Baba yako,
Papa


Rugombo, 25 Februari 2025

Papa,

Uko? Siku tisa sina barua. Antoine ameegesha gari, barabara haipitiki. Hii nampa mama mmoja wa mtumbwi wa mizigo anayerudi Uvira kwa njia ya ziwa kuchukua watoto wake. Mungu amfikishe, na akukute hukwenda Sange. Ukienda Sange sitakusamehe, na hapo sifanyi mzaha.

Nilisoma barua yako nikapanda gari la kwanza kuja huku Rugombo, ambako waliovuka wamejaa uwanja wa mpira. Siku mbili nimepita kati ya mashuka na masufuria nikiita: "Inamahoro wa Sange! Inamahoro wa Olive!" Jana mchana sauti ikaitika nyuma yangu. Mwanamke mdogo, mwembamba, ana mtoto mgongoni. Sikuuliza kitu. Alinitazama uso akasema: "Weye ni mutoto wa mzee wa Rugenge. Niko na waya yenu."

Usiku walipokimbia, Papa, mto ulimchukulia kitenge. Alikuwa katikati ya maji, mtoto mkononi. Akamfunga mtoto mgongoni kwa kipande kimoja cha waya wako, akavuka. Kile chenye kiboksi alikuwa amekificha ndani ya kilemba kisilowe. Nikamuuliza kwa nini hakukitupa, kuna faida gani katika mambo kama hayo. Akashangaa: "Nitupe kitu ya mwenyewe?" Mtoto amepona homa. Nimemvulia Inamahoro kitenge changu, mimi nitarudi na shuka.

Tulikausha ule waya juani mpaka jua likazama. Leo asubuhi niliuchomeka kwa mtu mwenye sola hapa sokoni, na kile kitaa kidogo cha kijani kikawaka. Waya ni mzima, Papa.

Na sikutumii. Umesoma vizuri. Waya uko mkononi mwangu na utabaki hapa. Mashine iko kwako. Ukitaka kumsikia Mama, ibebe uje. Unaweza kunikasirikia ukiwa umekaa kwenye kiti changu unakula ugali wangu. Umesema namsukuma mzee, ndiyo, nakusukuma.

Uliniomba maneno yote. Kabla ya sahani anasema: "Mwaona ule mwanaume? Anajua kuandika barua za watu wote, ya kwangu ndiyo anaogopaka." Wapishi wanacheka. Ndipo anakuita.

Binti yako anayekungoja,
Claudette


2 Machi 2025

Claudette mwanangu,

Sijambo. Sikwenda Sange. Mama wa mtumbwi alinikuta nimekaa na mashine magotini, mlango umekomewa, mtaa mzima umehama. Nilisoma barua yako kwa mwanga wa tundu la risasi ukutani. Kwanza nilikasirika. Nikasema: mtoto wangu mwenyewe ananifungia waya? Kisha nikafika mwisho, pale aliposema mama yako kuhusu barua.

Ni kweli, unajua. Niliwaandikia watu wa Uvira barua za posa, za msamaha, za kudai wake zao warudi. Marie alikuwa hapo hapo ubavuni mwangu, sikuona sababu ya kumwandikia. Alinitania hivyo mbele ya watu nami nikacheka, kumbe alikuwa anaomba. Tangu azikwe hakuna mtu aliyeniita Karani. Sasa ninaitwa, nami nibaki nimekaa nalinda kuta?

Nilikwenda kaburini kumuaga, nikafanya kama Olive: mashine mgongoni, kitenge, koti juu. Ufukweni mwa ziwa wenye bunduki walinisimamisha. Mmoja akauliza: "Mzee, iko nini mu mugongo?" Nikajibu bila kufikiri: "Iko bibi yangu, Marie." Wakatazamana. Mkubwa wao akasema: "Muache mzee apite, vita ilimuharibu kichwa." Mara hii, mama, sikudanganya hata neno moja.

Nimeandika haya mtumbwini, ndiyo maana mstari unapanda na kushuka. Inawezekana tukichomeka haitawaka. Imekaliwa na chai, imefunguliwa na Pitchou, ina nta mahali pa skrubu. Nimekwisha kulifikiria hilo. Isipowaka, utaniambia wewe maneno yake, kila jioni, nami nitashika sahani. Na nyuma ya karatasi hii nimemwandikia Marie barua yake, fupi, ya kwanza. Msomee Shangazi yako akitaka, sioni aibu tena.

Barua hii hakuna dereva aliyeibeba. Atakayekukabidhi ni mimi, nimesimama nje kwako na goti linauma. Fungua mlango, mama. Kuya na waya.

Ni mimi,
Karani