Mikono Miwili Ndani ya Picha Moja

Jumapili, tarehe 6 Julai. Kasongo.

Nimefuta lenzi kwa pindo la shati kuukuu, kama kila Jumapili kabla ya ibada. Betri zimekwisha tena. Kamera yenyewe ni ndogo na ya bei nafuu, ya zile zinazoitwa sabuni huku kwetu, lakini ulaji wake haulingani na umbo lake. Nimetoa betri moja kwenye saa ya ukutani, nyingine kwenye tochi. Saa imesimama.

Dada yangu Feza yuko hapa tangu Ijumaa, pamoja na mumewe Mulonda. Wametoka Wamaza kumwonyesha mama mjukuu wake wa kwanza. Baada ya ibada nilitaka picha ya familia nzima. Mulonda akasimama nyuma ya jiko. Mama akaketi upande wa pili wa ua, amempa mgongo. Ndiyo heshima ya ukwe: mama na mume wa binti yake hawaketi mkeka mmoja, hawali pamoja, hawashikani mikono.

Nikabishana. Mimi ni mhitimu wa sosholojia. Mambo ya ukoo nimeyasoma kwa upana kuliko yeyote katika ua huu. Nilisema desturi inakataza mkeka, chakula na mguso, picha haimo. Mulonda akaitazama kamera, akacheka bila furaha.

“Shemeki, hii sabuni yako itatunawisha sote?”

Alikuwa mgeni kwetu. Hakuweza kuondoka wala kunijibu kwa ukali. Mama alisema hapana mara mbili, kisha akainuka. Nilishinda.

Nikaiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaipa sekunde kumi, nikakimbilia nafasi yangu. Nikawasukuma wasogeleane. Mtoto akaserereka mikononi mwa baba yake. Mama akamdaka. Taa ikamulika.

Picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga.

Jumanne, tarehe 8 Julai.

Feza na mumewe waliondoka jana. Leo nimechapisha nakala mbili katika duka la picha karibu na soko. Moja ya mama. Nyingine nimempa dereva wa pikipiki aipeleke Wamaza, ndani ya bahasha, jina la Mulonda juu yake kwa mwandiko wangu mzuri.

Nimeitazama kwa muda mrefu. Mama anacheka, pengo lake linaonekana. Chini ya paja la mtoto, vidole vyake vimelala juu ya vidole vya Mulonda. Niliviona. Nilifurahi. Niliona hoja yangu imepata ushahidi.

Ijumaa, tarehe 11 Julai.

Feza amepiga simu. Alikuwa akinong’ona.

“Kaka, ulituma nini huku? Bwana yangu haingie tena mu nyumba. Iko analala ku shamba.”

Bahasha ilifunguliwa na shangazi yake Mulonda, mbele ya watu. Picha imepita mikono ya nusu ya kijiji. Vijana wanamwita Mulonda bwana wa mama mkwe. Wazee wa ukoo watakutana Jumatatu. Kama jambo halitasafishwa, Feza atarudishwa kwetu. Mtoto atabaki kwao.

Mtoto ana miezi minne. Bado ananyonya.

Nikaanza kumweleza kwamba kisheria hawana haki hiyo. Simu ikakatika. Au aliikata.

Jumamosi, tarehe 12 Julai.

Nimemwambia mama. Hakulia. Alijifunika kichwa kwa kitenge, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya jioni. Kisha akasema:

“Nilikubali sababu ulisema sana.”

Sijala. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningelala vizuri.

Jumapili, tarehe 13 Julai.

Sikwenda ibadani. Nimeandika hoja saba. Nimefuta nne. Mguso haukukusudiwa: hii ndiyo yenye nguvu. Lakini nani aliwasukuma wasogeleane?

Kesho alfajiri, pikipiki. Naogopa.

Jumatatu, tarehe 14 Julai. Wamaza.

Vumbi njia nzima. Mara tatu nilishuka tukaisukuma pikipiki. Nilifika nikiwa mwekundu kama tofali.

Wazee wanne, shangazi, Mulonda amesimama mbali akitazama miguu yake. Feza mlangoni, mtoto mgongoni. Kando yake kifurushi cha nguo, kimekwisha kufungwa. Nilipokiona nilisahau hoja ya kwanza. Nikaanza na ya pili. Shangazi akanyoosha kiganja.

“Ngoja kwanza, wee mutu wa masomo. Siku ile uliwauliza, ao uliwashinda tu?”

Karatasi ya hoja ilikuwa mfukoni, sikuitoa.

Nikasema: niliwashinda.

Wakaamuru picha ifutwe mbele ya macho yao. Nikaitafuta, nikawaonyesha, kamera ikazimika. Betri! Mzee mmoja akaangua kicheko.

“Sabuni iko na njaa!”

Wengine wakacheka, hata Mulonda kidogo. Shangazi akaenda ndani, akarudi na betri mbili za redio yake. Kamera ikaniuliza kwa Kifaransa kama nina hakika. Nikabonyeza. Mzee akakisogelea kioo cha kamera, akanikazia macho.

“Na kama imetoka hapo, imeenda wapi?”

Nilijibu kwamba sijui. Ni kweli, sijui vizuri. Jibu hilo lilimridhisha kuliko lolote ambalo ningetunga.

Shangazi akatoa nakala ya karatasi, akaitia motoni. Akauliza kama iko nyingine. Nikakiri: kwa mama. Akasema hiyo si ya mimi kuigusa. Mama mwenyewe aimalize, kwa mkono wake, nami nipige simu jambo likiisha. Mpaka hapo kifurushi kisifunguliwe.

Jumatano, tarehe 16 Julai. Kasongo.

Nilirudi jana jioni. Nilitafuta namna ya kumwomba mama nikaikosa. Leo asubuhi nikamweleza tu, kwa sentensi mbili. Akaenda chumbani, akarudi na Biblia yake, akaifungua.

Picha ilikuwa ndani. Alikuwa amekwisha kuikata, tangu Jumamosi, kwa mkasi wa cherehani. Upande wa Mulonda aliutia motoni siku hiyohiyo. Amebaki yeye na mtoto, mimi na Feza kando. Chini ya paja la mtoto, mahali pa vidole vya Mulonda, ameshona kiraka kidogo cha kitambaa cheupe. Mishono midogo sana.

Nikampigia Feza. Nikasikia akimwita shangazi, kisha sauti za watu, kisha mtoto akilia. Feza akarudi kwenye simu. Mulonda ameingia nyumbani kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakimwona. Sasa anafungua kifurushi mwenyewe. Hajui kufungua fundo.

Mchana nilimuuliza mama kama ningeweza kumpiga picha akiwa peke yake. Akafikiri. Akasema hapana.

Nikasema: ndiyo, mama.

Nimenunua betri moja sokoni. Nimeitia kwenye saa ya ukutani.