Vusayiro, mufano wa fasi bila kitu

Butembo, siku ya tano ya juma, usiku

Mutoto kuandika mufano na kijiji ya baba yake! Hapana, sitakubali.

Kavira, binti yangu, anaandika maelezo ya kufundisha mashine za akili namna ya kuchota habari kwenye karte, zile ramani za inchi. Kazi ya batu ba akili. Ametoka kwangu, donc sishangai.

Mais leo nilimwambia: "Soma kwa nguvu, nisikie." Akasoma: "Kama fasi haina kitu, chombo cha karte kinajibu: hakuna. Mufano: Vusayiro."

Vusayiro, kule Mutwanga, fasi tulitoka tukikimbia vita! Nyumba ya kwanza ya mabati kule ni mimi niliijenga. Mama yake tulimuzika kule.

"Toa ile jina!"

"Tata, naiuliza karte juu ya Vusayiro kila juma. Hakuna nyumba, hakuna njia. Pori tu."

"Weka fasi ingine bila batu."

"Nitajie, Tata. Si unajisifu unajua inchi yote?"

Nilifungua kinywa. Kila fasi niliyotaka kutaja, nikakumbuka mutu aliyenipa maji kule.

Kesho asubui anatuma kazi yake. Angali anangojea jina, na mimi sina.