Maji ya Majivu

Mujukuu wangu Zaina,

Nakusalimu huko Lubumbashi, wewe na kitoto chako. Sisi hapa Kindu tuko wazima, na mama yako muguu umepona.

Unaniuliza tulilea watoto namna gani wakati wa Zaïre, maduka yakiwa matupu. Mama yako alipozaliwa, sabuni ilikosekana muji muzima, na vitambaa vyake vya kumufunga vilikuwa vinne tu. Mama mukwe wangu akachoma maganda ya ndizi, akatia majivu katika chungu chenye tundu, akamwagia maji, yakawa yanadondoka polepole ndani ya sufuria. Mimi nikaona maji ya rangi ya chai, nikayamwaga, nikasugua sufuria ikang'aa. Nilidhani namusaidia!

Aliniangalia, akasema tu: «Mwanangu, tafuta maganda mengine.»

Tulipopata maji mengine, akayachemsha na mafuta ya mawese, akikoroga na mwiko. Wekundu ukapotea mbele ya macho yangu, mafuta yakashikana, yakawa sabuni. Nilisimama na mutoto mikononi, mudomo wazi. Fikiria, Zaina: majivu yanachafua nguo, na doa la mawese halitoki. Lakini hivyo viwili pamoja njo vilitakasa vitambaa vya mama yako. Mupaka leo bado nashangaa.

Nimepika donge moja la sabuni ile, jirani anakuletea na treni. Usifulie kwanza. Linuse. Hivyo njo mama yako alivyokuwa ananukia.

Koko yako