Ukurasa wa Sita

Dar es Salaam, 10 Machi 2014

Komredi Baba, komredi Mzee Nikodemo, na makomredi saba mliovushwa mpaka wa Nakonde hadi Lusaka kutibiwa presha,

Shikamooni. Mimi mzima wa afya. Hofu yangu ni juu yenu. Nimechagua barua kwa sababu karatasi haiishiwi salio, wala haikanushwi.

Nimesoma chuoni taarifa ya utafiti wenu. Mliahidiwa mrija mwembamba, uingie kwenye mshipa wa pajani, ufike kwenye figo, uunguze neva zake, presha ishuke. Nusu yenu hamkuingiziwa kitu! Mlichanwa ngozi, mkafungwa bandeji, mkapewa pole, ili wenye utafiti wapime kama kuamini tu kunashusha presha. Fomu ya ridhaa imeambatanishwa, ya Kiingereza kitupu. Ukurasa wa sita unasema hayo yote. Unasema pia kila mgonjwa aendelee na vidonge, na baada ya miezi sita aambiwe alikuwa kundi gani. Leo ni miezi kumi na minne. Nani kaambiwa?

Nasikia kinyaa. Paja la mkulima wa Ileje limegeuzwa ubao wa kujaribia, na mwenye chaki amekwenda zake!

Nani aliwasomea fomu hiyo? Nani alikuwa shahidi? Mezeni vidonge leo. Kugombana tutagombana kesho.

Mwanenu,
Tukuswiga


Tunduma, 2 Aprili 2014

Mwanangu Tukuswiga,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, anauliza kama unakula. Sisi tu wazima.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Kuwasomea wazee ni kuwatisha bure. Tangu nitoke Lusaka kichwa hakijaniuma. Vidonge nimeviacha, na Nikodemo nimemwachisha. Juzi kanitania: “Wakala, malori umeyavusha, na sisi umetuvusha.” Makovu tunayo, mama. Mtu achane wenzake bure, kisha awanunulie na soda?

Miaka thelathini ni wakala wa forodha. Karatasi sifundishwi na mtoto.

Baba yako,
Ambilikile


Dar es Salaam, 15 Aprili 2014

Baba, shikamoo.

Niliandikia watu tisa, ukasoma peke yako. Wenye utafiti nao walifanya nini zaidi ya hapo? Walijua, wakanyamaza, wakawaacha wengine watembee na kovu wakidhani ni dawa. Kinyaa nilichowawekea wao kinabisha hodi nyumbani kwetu, na sijui nikifukuze vipi.

Swali langu hukulijibu: nani alikuwa shahidi?

Mwanao,
Tukuswiga


Tunduma, 3 Juni 2014

Komredi Tukuswiga,

Neno hilo nimeliazima kwako. Mama yako hajambo. Nikodemo hajiwezi.

Alianguka tarehe ishirini Mei, akipanga magunia ya mahindi. Upande wa kulia hausikii, mdomo umepinda. Mkewe, Conjesta, aliniuliza mbele ya watu: “Shemeji, si ulimwambia amepona?”

Nilipanda basi hadi hospitali ile ya Lusaka, nikakaa mlangoni kwao siku mbili hadi karani akafungua orodha. Mimi niliingizwa mrija. Nikodemo alichanwa ngozi tu. Nafuu ya mwili wangu niliigawa kama dawa kwa mtu ambaye hakutibiwa. Na nilipopimwa, hata yangu imepanda tena. Nimerudia vidonge.

Karani alinionyesha fomu zetu tisa. Shahidi kwenye zote, hata yangu mwenyewe, ni Ambilikile. Nilizisaini kama karatasi za malori: jaza, gonga, gari lipite. Ukurasa wa sita sikuufungua. Nimeutazama mkono huu wa kulia nikashindwa kulia nao chakula.

Nimewaita wote, na wake zao. Nitaisoma barua yako ya Machi tangu salamu, kisha nitawajibu swali lako. Baada ya hapo waniamulie. Wewe njoo na ukurasa wa sita kwa Kiswahili, usiulainishe.

Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, uani kwa Nikodemo. Tutamtoa na godoro lake.

Baba yako,
Ambilikile