Kizibo cha Motokari

Mujukuu wangu Chola,

Jambo sana kutoka huku Kashikishi. Nkambo wako mwanamuke ni muzima. Mbuzi wake mukorofi amezaa mapacha, na sasa anamusifu kuliko miye.

Umeniandikia kwamba kule Lubumbashi unabomoa Corolla ya zamani, utengeneze motokari yako mwenyewe, nyepesi, bila paa. Unauliza usisahau nini. Usisahau tundu.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, niliivua Peugeot moja mabati yake yenye kuoza, hapa nyumbani, nikabakiza shasi, motere na viti. Bodi ya mbao, bila paa kama yako, nilimuachia Ba Kabaso, fundi wa mabwato. Akaziba kila ufa kwa pamba na lami, vile alivyozoea.

Safari ya kwanza tulimupeleka mama yako kanisani kuolewa. Mvua ikatukuta njiani. Mayi ikajaa ndani mpaka kwenye vifundo vya miguu, naye akawa anaichota kwa kiatu chake cheupe, akicheka. Ba Kabaso alikaa nyuma, anajisifu: “Munaona? Hata tone moja haitoki!”

“Tata,” mama yako akamwambia Ba Kabaso, “leo utoboe tu.”

Ule muzee, kazi yake maisha yote ilikuwa kuziba. Mbele ya kanisa akachukua patasi, akafumba macho, akapiga tundu kwenye sakafu ya motokari. Mayi ikatoka, watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia pete.

Kesho yake akaleta kizibo alichokichonga vizuri sana. Nikamwambia motokari haina kazi nacho.

“Najua,” akajibu. “Ni cha kwangu miye, nipate usingizi.”

Nimekiweka mu bahasha hii. Tundu utatoboa mwenyewe.

Nkambo wako, mwenye kungoja kupandishwa motokari yako