Kwa Mzee wa Mlango, Siku Mama Alipogeuza Kiti

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na leo hatuwezi kukuandikia kwa sauti ya chini. Tuna habari. Ulimi unatuwasha tangu Jumamosi, na Mama mwenyewe ndiye aliyesema tuzieleze zote hapa, watu wasome na wewe usikie.

Wasiokujua waelewe kwanza. Ulikuwa askari wa miamvuli, na kazi yako ilikuwa mlangoni mwa ndege. Ulimkagua kila askari mikanda yake, ukamgonga mgongoni, ukamwambia "Nenda," na wote wakishatoka ukaruka wewe, wa mwisho. Ndiyo maana kikosi kizima kilikuita Mzee wa Mlango tangu ungali kijana usiye na mvi hata moja.

Nyumbani nako ulikuwa mzee wa mlango. Hakuna aliyetoka bila kukaguliwa: kifungo, mkanda wa begi, kamba za viatu, halafu kofi dogo mgongoni. Mkwe wako alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, amevaa suti ya kuazima, ulimkagua naye ukakuta kifungo kinaning'inia. Alirudi kwao amegongwa mgongoni, hajui kama amekubaliwa au amefukuzwa.

Historia ya kikosi tuliijua kuliko historia ya ukoo. Siku zote ulianzia mwanzo kabisa, mlipokuwa hamna hata jengo la maana, mnajifunza kutua kwa kuruka kutoka juu ya meza za bwalo huku wapishi wanalalamika. Kisha mruko wa kwanza, mbele ya wakubwa, upepo ukageuka ghafla ukawabeba mpaka uwanja wa mpira wa jirani, na mechi inaendelea. Kipa alikimbia. Wewe ulitua nyuma ya mabeki, na refa akapiga filimbi ya kuotea. Hapo ulikuwa ukisimama katikati ya sebule, mkono juu kama refa, na sisi tunacheka utadhani hatujawahi kuisikia.

Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa kiwanja cha ndege cha mpakani. Mliruka alfajiri, mkakishika, mkakilinda mpaka wakimbizi wa mwisho walipopanda ndege. Ulirudi na ndevu, na dada mkubwa akakukimbia akidhani ni mgeni. Kisha yakaja mafuriko, mji umezingirwa na maji, barabara hakuna, na kikosi kikashuka na dawa kwenye kilima cha hospitali. Huko mwanamke alijifungua ndani ya hema lililotengenezwa kwa mwamvuli wako, nawe ulijivuna kana kwamba ndiwe mkunga. Halafu ng'ambo, kulinda amani, mwaka mzima kwenye daraja moja bila kuruka hata kiti. Hiyo hukuisimulia sana. Wenzako wawili hawakurudi, na ukifika hapo ulitoka kwenda kumwagilia maua.

Katika miaka yote hiyo Mama hakuwahi kukuona ukiruka. Si kwamba hakualikwa. Kila kikosi kilipoadhimisha siku yake, familia za askari zilijaa uwanjani, Mama akabaki jikoni akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, mgongo ameupa dirisha. Aliamini kwamba siku akikutazama angani, ndiyo siku mwamvuli utakataa kufunguka. Ulimcheka, ukambembeleza, ukachoka. Ukirudi na vumbi lako, alikupokea na maneno yaleyale: "Umeona? Sikutazama." Kwa akili yake, yeye ndiye aliyekutua salama kila mara, na mwishoni wewe mwenyewe ulianza kumshukuru, nusu mzaha, nusu kweli.

Halafu ikaja hospitali. Ulituita kitandani mmoja mmoja, ukatugonga mgongoni kwa mkono usio na nguvu. Mama alibaki nawe, na safari hii alikutazama bila kupepesa, mpaka mwisho. Hapo ndipo hofu ilipomwingia moyoni ikaketi. Mara moja tu amekutazama ukiondoka, na mara hiyo hukurudi.

Sisi hatukuambiwa. Aliyeambiwa ni binti yako kitinda mimba, siku alipokuja mbio kusema kwamba amefaulu mafunzo na ataruka na kikosi chako.

"Nitakuombea, nitakupikia, nitakufulia gwanda," Mama alimwambia. "Kukutazama, mwanangu, usiniombe. Baba yako nilimtazama mara moja."

Unamjua mtoto huyo, kichwa chake ni chako. Akajibu kwamba chakula kipo kambini na sabuni ipo kambini, yeye anataka macho ya mama yake. Wakavutana miezi. Mama akasusa kula mezani, binti akasusa kupiga simu, dada mkubwa akageuka tarishi baina yao. Mwishoni wakakubaliana nusu: Mama atakuja uwanjani, lakini macho yake ni mali yake.

Basi Jumamosi ikafika, siku ya kikosi. Ungeona, Baba! Bendera, bendi, wajukuu wamepanda mabegani kwa watu, mkwe wako amevaa suti yake mwenyewe, vifungo vyote vimekazwa. Mama akapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, kwa heshima yako. Akashukuru vizuri, akakibeba mpaka nyuma kabisa ya watu, akakigeuza. Uwanja akaupa mgongo, uso akaupa bustani ya mboga ya bwalo. Wake wa maofisa walitazamana.

Rafiki yako fundi redio alimfuata, akaketi ubavuni mwake, yeye akielekea uwanjani, akaanza kumtangazia kama anayetangaza mpira.

"Ndege inakuja, shemeji. Mlango uko wazi. Wa kwanza huyo, mwamvuli umekubali. Wa pili umekubali. Wanatua palepale kwenye alama, shemeji, kama wanashuka ngazi."

Binti yako alikuwa ameomba kuruka wa mwisho, nafasi yako. Mama alijua. Kila fundi alipotaja mtu, yeye alizidi kuubana mkoba kifuani.

"Wa mwisho huyo, ametoka," akasema fundi. Halafu kimya.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza.

"Upepo umegeuka, shemeji."

Upepo wenu uleule, Baba! Tulimwona akiipita alama, akilipita hema la wakubwa, jenerali mmoja akainama kofia ikaanguka. Uwanja mzima ukaanza kuzungusha shingo, viti vinapinduka, watu wanakanyagana miguu ili wageuke. Mtu mmoja tu hakuwa na haja ya kugeuka.

Mama aliona kwanza kivuli kikipita juu ya kabichi. Ametwambia baadaye kwamba alijaribu kufumba macho, kope zikakataa. Akainua uso. Akaona soli za viatu, kisha magoti yaliyobanwa pamoja, kisha mwamvuli mzima, umejaa hewa, na chini yake mtoto wake wa mwisho akivuta kamba kwa nguvu zake zote. Akamwona akigusa ardhi, akabingiria kwa bega kama ulivyotufundisha sote kutoka juu ya ukuta wa uani, akasimama na jani la kabichi limenasa kwenye kofia.

Kiti kilikwenda upande wake na mkoba upande wake. Hatukujua Mama anaweza kukimbia vile. Alipomfikia hakumkumbatia. Alimkagua: kifungo, mkanda, kamba za viatu. Kisha akamgonga mgongoni.

"Mama, umeniona?" binti akauliza, pumzi juu juu.

"Nimekuona tangu soli ya kiatu." Halafu Mama akaketi chini, hapohapo kwenye mboga za watu, akatutazama sisi tuliokuwa tumefika tunahema. "Nimemtazama, na ametua," akasema. "Kumbe haikuwa macho yangu."

Alilia, Baba, na akacheka, na tukalia naye. Mpishi wa bwalo alikuja na hasira za kabichi zake, akasimama, akarudi jikoni.

Unakumbukwa na watoto wako, na mkwe wako uliyemkagua, na wajukuu wanaoruka kutoka kwenye makochi mpaka springi zimechoka. Unakumbukwa na fundi redio, anayedai mruko ule alioutangaza ni bora kuliko yote. Unakumbukwa na kitinda mimba wako, ambaye sasa ndiye anayetukagua mlangoni.

Na unakumbukwa na mkeo. Siku hizi ndege yoyote ikipita, hata ya abiria, anatoka nje na mikono yenye povu, anaitazama mpaka ipotee. Tukimuuliza, anasema anafidia mara zote alizokunyima macho yake.

Nenda, Mzee wa Mlango. Tumekukagua, tumekugonga mgongoni, na maadamu tunapumua, mioyoni mwetu hutoki.